Chui Mwenye Nyundo

Harufu ya chuma kinachochomwa hunikuta dukani kwangu kila asubuhi, kabla sijamaliza kutoa ndoo na koleo nje ya mlango. Jirani yangu hapa Tarime mjini ni fundi wa kuchomelea mageti, na akiwasha tu mashine yake, moshi unaingia kwangu bila hodi, unakaa kwenye mifuko ya misumari, unakaa kwenye nywele zangu. Wateja hukunja pua. Mimi huuvuta. Kuna wakati niliona aibu, mwanamke wa umri wangu kusimama mlangoni ananusa moshi kama mtu aliyesikia pilau ya jirani, lakini sasa nimezoea. Harufu ile ndiyo babu yangu.

Babu mzaa baba, mzee Chacha, alikuwa mhunzi. Kiwanda chake kilikuwa nyuma ya nyumba yetu huko Gorong'a: paa la nyasi juu ya nguzo nne, mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto, beseni la maji ya kupozea, na katikati, juu ya gogo lililozikwa nusu, fuawe, yaani lile pande la chuma ambalo juu yake chuma kingine hupigwa mpaka kitii. Alichukua springi za malori mabovu akazigeuza majembe, visu na kengele za ng'ombe. Mama alivuta mivukuto akiwa hana kazi nyingine, dada yangu Boke aliivuta akiwa na hasira, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na miaka tisa na mikono myembamba, nilipewa kazi ya kuimba ili wao wasipoteze mwendo. Baba yetu alikuwa amefariki, kwa hiyo babu ndiye aliyekuwa mzee wa nyumba.

Fuawe ile haikuwa ya kawaida. Ubavuni mwake kulikuwa na alama iliyozama ndani ya chuma: chui amesimama kwa miguu miwili, ameshika nyundo. Mimi nilisema ni paka, babu akanikaripia.

"Paka anashika nyundo?"

Nikamuuliza kama chui hushika. Akaniambia nirudi kwenye kuimba. Alichojua yeye ni kwamba baba yake alipewa fuawe hiyo na mzungu mmoja, injinia wa wachimba dhahabu enzi za wakoloni, ambaye alikuwa akinolewa tindo zake pale pale kwetu. Mzungu alipoondoka aliiacha.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wenyeji wa huku wanalijua na wageni hawalijui. Kwa Wakurya, wahunzi tuna jina letu, Abaturi, na nakiri kwamba nilikua bila kuelewa kama jina hilo ni sifa au ni tusi. Wizi wa ng'ombe ulikuwa habari ya kila wiki, lakini kwetu hakuna aliyekuja kuiba hata kuku, maana watu waliogopa laana ya nyundo. Wateja walimwamkia babu shikamoo kwa heshima zote, wakasifu kazi yake. Kisha babu alipomaliza kisu hakumpa mtu mkononi. Alikiweka chini, akarudi nyuma hatua moja, na mwenye kisu akakiokota. Mama alipoleta uji, walisema wametoka kula. Kila mtu, kila siku, alikuwa ametoka kula. Nilidhani Gorong'a nzima ina chakula kingi isipokuwa sisi.

Ndipo akaja Marwa, kijana wa Itiryo, na kengele ya ng'ombe iliyopasuka. Babu akaiziba. Wiki iliyofuata imepasuka tena. Kengele ile iliharibika mara nyingi kuliko kengele yoyote niliyowahi kuiona, na kila ikiharibika Marwa alitembea mwendo wote ule kutoka Itiryo, akanywa uji wa mama mpaka akalamba kikombe. Siku moja Boke ndiye aliyemrudishia. Aliinama aiweke chini kama tulivyozoea, lakini Marwa akanyoosha mkono akaipokea mkononi mwake. Mama alikuwa anavuta mivukuto akaacha. Na mimi nikaacha kuimba, sijui kwa nini, nikihisi tu kwamba limetokea jambo na hakuna atakayeniambia.

Baada ya mavuno Marwa alimwambia baba yake anataka kumuoa Boke. Baba yake, mzee Muniko, alikuwa mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Alituma ujumbe wa sentensi moja: mtoto wake hataoa kwa Abaturi. Boke alilia siku mbili. Siku ya tatu aliacha kulia, na hilo lilinitisha zaidi. Nilimuuliza mama: kama majembe yetu wanayapenda, Boke ana ubaya gani? Mama akasema nikachote maji. Nilichota maji mengi sana mwaka ule.

Hapo ndipo alipofika Mama Lisa.

Alikuja adhuhuri kwa gari la kukodi, mzungu mzee, mrefu, mwenye kofia ya ukili. Alikuwa amefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kule Musoma, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha babu. Alikuwa ameuliza kijiji hadi kijiji habari za fuawe yenye mnyama. Alipoiona alipiga magoti kwenye majivu, akatoa kitambaa chake cha shingoni akafuta masizi, na chui alipojitokeza akaanza kulia. Babu akadhani ameungua, akamsogezea beseni la maji. Yule mama akanyoosha mkono. Kwenye pete yake ya dhahabu kulikuwa na chui amesimama kwa miguu miwili, ameshika nyundo.

Alikaa kwetu mchana ule wote. Alikunywa uji wa mama, akaomba mwingine. Akatuambia kwamba ukoo wao unaitwa Delvenoy na asili yao ni Waloni, sehemu ya Ubelgiji yenye misitu na mito, na kwamba mkubwa wao wa kwanza anayejulikana, Gili, alikuwa mpiga nyundo tu, mtu wa mkaa na masizi. Zamani sana mfalme wa Uswidi, nchi ya baridi kaskazini, alikuwa na chuma kingi ardhini na vita vingi kichwani, lakini hakuwa na watu wa kumfulia mizinga. Akatuma watu kwenda Waloni kuwaita wahunzi. Gili akabeba nyundo yake na watoto wake, akaenda.

"Alikuwa hajui kusoma," alisema Mama Lisa. "Lakini akikisikiliza chuma kikilia, anajua kama kimeiva."

Babu alitikisa kichwa taratibu. Hilo alilielewa.

Watoto wa Gili wakawa na tanuri lao wenyewe, wajukuu wakawa na matanuri matatu na mto wa kuendeshea nyundo, maana kule maji ndiyo yaliyoinua nyundo kubwa. Kisha wakapata misitu, meli, viwanda, wafanyakazi wasiohesabika. Mfalme mwingine akawashukuru kwa mizinga: akawapa ubwana, wao na uzao wao, na ngao yenye chui, na kwa kuwa hawakutaka kuficha walikotoka, wakamwekea chui nyundo mkononi. Wakajenga nyumba kubwa nyeupe. Wafua chuma wao, ambao wazee wao wengi walikuwa wametoka Waloni na Gili kwa meli moja, wakakaa kwenye nyumba ndogo nyekundu zilizopangwa mstari, ng'ambo ya barabara.

"Na sasa?" babu akauliza.

"Sasa viwanda vimefungwa, nyumba imeuzwa. Mimi ndiye niliyebaki na pete, na daftari ninaloandika historia yao."

Mimi nilikuwa nimepotea kabisa. Mhunzi amekuwa bwana? Kwetu wahunzi hawakupewa hata mkono wa kupokea kisu, na huko wamepewa ngao na mfalme! Nilimtazama Mama Lisa, nikamtazama babu aliyejaa majivu mpaka kwenye nyusi, nikajaribu kuona wanafanana wapi. Boke alikuwa amekaa kizingitini na mdomo wazi.

Babu hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Macho yake yaling'aa. Huku kwetu kila boma lina alama yake ya ng'ombe, inayochomwa ngozini kwa chuma cha moto, na vyuma vile babu ndiye aliyevitengeneza. Ng'ombe mwenye alama yako ni wa boma lako, hata akutwe nchi nyingine. Basi akili ya babu ikaenda njia hiyo moja kwa moja: fuawe ina alama ya mama huyu, fuawe imezaa nyumba yetu, kwa hiyo sisi na mama huyu ni boma moja. Na kama boma lile ni la mabwana, Muniko atasema nini tena? Akamwomba Mama Lisa abaki siku mbili. Akatuma mtu Itiryo kusema kwamba mkubwa wa ukoo wake amefika kutoka mbali, na wazee waje wasikie neno jipya.

Walikuja watatu, asubuhi, wamebeba vigoda vyao wenyewe ili wasikalie vyetu. Mama alileta uji. Walikuwa wametoka kula. Mimi nilijibanza nyuma ya rundo la mkaa, na Boke alikuwa jikoni anasaga ulezi, jiwe likisugua polepole ili asikie.

"Chacha," alianza mzee Muniko, "sisi hatujakataa msichana. Msichana hana shida. Tunakataa hiyo nyundo."

"Nyundo ndiyo inayokulimia, mura."

"Jembe nikitoka shamba naliacha nje. Mke wa mtoto wangu nitamwacha nje?"

Babu alimshika Mama Lisa mkono, akawaonyesha pete. Akawapeleka kwenye fuawe, akawaonyesha chui. "Ng'ombe wako mwenye alama yako akikutwa Kenya, ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi. Alama ni moja, boma ni moja."

Mzee mmoja, aliyekuwa na jicho moja bovu, aliinama akaichunguza fuawe kwa lile zima, muda mrefu. Halafu akainuka. "Alama inasema kitu hiki ni cha huyu mama. Sasa wewe Chacha, ulikitoa wapi?"

Wakacheka, hata Muniko. Nilitamani kupotelea ndani ya mkaa, nikiona babu yangu anageuzwa mwizi mbele ya mzungu. Mama Lisa akasema kwa sauti kwamba baba yake Chacha alipewa, kwamba ni mali yake halali, na akaanza kuwasimulia habari za Gili, za mfalme, za ngao. Wazee wakaacha kucheka. Walisikiliza kwelikweli. Muniko aliuliza kama mabwana hao walikuwa na ng'ombe, akaambiwa walikuwa nao wengi, na nilimwona analegea mabega. Akatazama kikombe cha uji alichokuwa amewekewa miguuni. Akakigusa. Jikoni jiwe likaacha kusugua.

Kisha akauliza swali, wala si kwa ubaya. Nafikiri alitaka kujua tu.

"Mama, hao wazee wako walipopata ubwana, wale wapiga nyundo wa nyumba ndogo, mlikuwa mnaoa binti zao?"

Mama Lisa alizungusha pete kidoleni. Babu alimtazama. Wote tulimtazama. Mimi sikujua jibu linalotakiwa ni lipi, ila nilijua liko moja tu, na kwamba anahitaji kulisema upesi.

"Hapana," alisema.

Akaendelea, maana alikuwa ameshaanza. Injinia aliyekuja kwenye milima yetu alikuwa ndugu wa babu yake. Alimpenda binti wa mpiga nyundo wao, kutoka nyumba ndogo nyekundu. Familia ikakataa. Walimwambia kwamba hawakupanda ngazi yote ile ili mtoto wao aishuke tena. Wakamtafutia kazi mbali, akaletwa Afrika kwenye dhahabu, na fuawe aliichukua kiwandani alikofanya kazi baba yake yule binti. Hakuoa maisha yake yote.

Muniko alivuta mkono kutoka kwenye kikombe. "Umesikia, Chacha? Hata huko."

Akasimama kuchukua kigoda chake. Lilikuwa limekwisha. Babu alikuwa ameleta shahidi wake mwenyewe, na shahidi ameshuhudia upande wa pili.

Ndipo Boke akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Msichana haingii kwenye kikao cha wazee, achilia mbali kikao kinachomhusu yeye. Mama alimwita kwa kunong'ona, hakugeuka. Alisimama mbele ya Mama Lisa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Yule binti aliishia wapi?"

"Sijui," akasema Mama Lisa. "Kwenye daftari langu nina jina la kila mtoto aliyezaliwa nyumba kubwa, hata waliokufa wachanga. Yeye hakuna aliyemwandika. Nimekuja huku nikidhani labda yule injinia aliwaachia jina lake."

"Alituachia fuawe tu," alisema babu.

Boke akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu, akarudi jikoni. Jiwe likaanza tena kusaga, kwa nguvu. Wazee wakaondoka. Mama Lisa naye aliondoka jioni ile bila kuiomba fuawe, ingawa nina hakika alikuwa amekuja kuiomba. Babu alipiga chuma baridi kesho yake kutwa nzima, kipande kilekile, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba moto haujawashwa.

Siku chache baadaye Marwa alikuja, mchana kweupe, bila kengele. Boke alitoka na furushi la nguo, akampigia babu magoti, akaondoka naye. Walikwenda kukaa Kemambo, kwenye vibanda vya wachimba dhahabu, kati ya Wasukuma na Wahaya na watu wa kila mkoa ambao hakuna aliyejua Abaturi ni kitu gani. Babu hakulitaja jina lake miaka mitatu. Mzee Muniko alishikilia zaidi. Mpaka siku moja akatokea kwetu na jembe lisilo na ubovu wowote, akaomba linyooshwe, na babu akalinyoosha, na wakati wa kulipokea Muniko akauliza, kama kwa bahati, njia ya kwenda kwa Marwa ni ipi, maana amesikia kuna mjukuu. Mjukuu huyo ni Robi.

Mimi nilimchukia Mama Lisa kwa muda mrefu. Nawaambia ukweli, nilimchukia. Nilijiuliza angepungukiwa nini kusema ndiyo, tuliwaoa. Neno moja tu, na hakuna mtu Itiryo nzima angekwenda Uswidi kuhakikisha. Sasa najua kwamba bibi yule alikuwa amezunguka dunia akitafuta jina la mtu mmoja ambaye familia yake ilimfuta, na hakuweza kumfuta mara ya pili mbele yetu, hata kwa nia njema. Na swali la Boke nalo sikulielewa. Nilidhani anauliza tu habari za Wazungu, kama nilivyotaka mimi kujua kama chui wa kwao hushika nyundo. Nilikuwa nimeshaolewa mimi mwenyewe nilipong'amua kwamba dada yangu alikuwa akiuliza habari zake mwenyewe.

Ninayasimulia haya leo kwa sababu ya simu ya juzi. Boke ana nyumba ya bati kubwa sasa, Marwa ana magari mawili ya kubebea kifusi, na watu humwita mama mwenye nyumba. Alinipigia akiwa na hasira. Kuna kijana anamtaka Robi, na ndugu zake wanaomba siku ya kuja.

"Kijana gani?" nikauliza.

"Eti anaponda mawe kwenye karasha! Ametoka huko sijui Geita, hana hata kwao. Gati, mimi nimehangaika na huyu mtoto mpaka chuo, leo nimpe mponda mawe? Nimewaambia wasije."

Jirani alikuwa amewasha mashine yake, moshi ukaingia dukani na kunizunguka. Fuawe ya babu iko hapa, nyuma ya kaunta, naegemezea mabati, na nilikuwa nimeweka mkono juu yake bila kujua.

"Unanisikia?" akauliza Boke.

"Nakusikia. Dada, yule binti aliishia wapi?"

Hakuuliza binti gani. Nilisikia kuku wa kwake, nilisikia mtu anapita na redio.

"Waambie waje Jumamosi," alisema. "Nitapika uji."